Istilahi za Njia ya Mwambao: Mfano wa Cinque Terre

Mfasiri akikabidhiwa maelezo ya njia ya matembezi ya mwambao wa Bahari ya Mediterania hudhani kwanza kwamba amepewa kazi nyepesi. Habari zenyewe ni za vilima, miti, bahari na vijiji. Na Kiswahili, lugha iliyozaliwa pwani ikapanda bara pamoja na misafara, hakiwezi kukosa maneno ya mambo hayo. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, afikapo ukurasa wa pili huanza kusita, maana huona kwamba neno moja limebebeshwa mambo matatu yaliyo mbalimbali, na kwamba jambo jingine lina maneno manne ambayo kila upande hulitetea lake. Hapo ndipo wengine hukimbilia kuunda maneno mapya, na wengine huliacha neno la kigeni lipite bila ya kuulizwa pasi.

Katika makala haya tunakusudia kuifuata njia moja ya namna hiyo, nayo ni ile inayoviunganisha vijiji vitano vya Cinque Terre katika jimbo la Liguria, kaskazini-magharibi ya Italia, na kuyapima maneno kadiri tunavyokutana nayo. Tumeichagua njia hii kwa kuwa maneno yake yana uzito. Kuta zake hubomoka, mawe yake huanguka, na maonyo yaliyobandikwa kandokando yake hayakubandikwa kwa ajili ya pambo. Tutaona ya kuwa kwa sehemu kubwa maneno tunayo. Kazi iliyobaki ni kuyagawia zamu. Neno likisimamishwa zamu isiyo yake, hasara haimwangukii mfasiri aliyeketi mezani, bali msomaji aliyesimama ukingoni mwa genge.

Vijiji vyenyewe, kutoka magharibi kwenda mashariki, ni Monterosso al Mare, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Njia iliyo karibu na bahari ina urefu wa kilometa 12 hivi. Mwaka 1997 eneo hilo, pamoja na Portovenere na visiwa vya Palmaria, Tino na Tinetto, liliingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 1999 vijiji vitano na vilima vyake vikafanywa hifadhi ya taifa.

Majina na njia

Jina la mahali lisitufanye tukae sana. Wako watakaoandika "Nchi Tano" au "Ardhi Tano" kwa kuwa wamefungua kamusi na kuliona neno terra. Lakini katika Kiitaliano cha zamani terra lilitumika pia kwa mji mdogo au kijiji chenye ngome, na ndiyo maana iliyomo humu. Jina liachwe lilivyo, na pakiwa na haja mfasiri aeleze mara moja tu kwamba ni vijiji vitano. Jina la njia ni jambo jingine, maana lenyewe ni maelezo. Waitalia huiita Sentiero Azzurro. Azzurro si buluu yoyote. Ni rangi ya mbingu isiyo na wingu na ya bahari chini yake. Kiswahili kina neno samawati, lililotoka katika neno la Kiarabu la mbingu, nalo limekaa kabatini muda mrefu likingoja kazi ya namna hii. "Njia ya Samawati" twaiona tafsiri sahihi na yenye kupendeza masikioni.

Basi na tuliangalie neno njia lenyewe. Neno la Kiitaliano sentiero halina maana ya kila mahali papitikapo. Ni njia nyembamba ya miguu, isiyopitika kwa gari, na mara nyingi hata kwa punda aliyebeba mzigo. Sisi twaita njia ile ipitayo reli, ile ipitayo maji, na hata ile ya kufikiri. Kwa sababu hiyo yamependekezwa maneno mengine. Ujia ni neno zuri la pwani, lakini wingi wake ni njia, na hapo mfasiri hurudi alikotoka. Kijia lina upungufu wa namna nyingine: ngeli yake inakidogosha kitu, na njia inayomchukua mtu mchana kutwa kupanda na kuteremka haistahili kudogoshwa. Mapito yasikika vyema katika tenzi, lakini katika ramani msomaji atadhani ni mahali pa kuvukia mto au pa kupenyea kati ya milima.

Twaona hakuna sababu ya kuhangaika. Wanaopanda Kilimanjaro husema Njia ya Marangu na Njia ya Machame, na hakuna mgeni wala mpagazi aliyewahi kutarajia gari huko. Njia itoshe kuwa jina la jumla. Pakihitajika kutofautisha isemwe njia ya miguu. Na kijia kiachiwe matawi madogo yanayotoka katika njia kuu kwenda shambani au kisimani. Kwa njia ifuatayo bahari, iongezwe mwambao, si ufuko. Ufuko ni mchanga mtu anapotandika mkeka. Mwambao ni ukingo wote wa nchi kavu uelekeao bahari, ukiwa mchanga au ukiwa mwamba. Huko Cinque Terre mchanga ni mchache mno, na msomaji aliyeahidiwa "njia ya ufukoni" atakuwa amedanganywa.

Neno la tendo lenyewe lina mashaka kidogo. Kutembea ni kwenda kwa miguu, na pia ni kuzuru na kujifurahisha, hayo yanaafiki. Lakini mtembezi katika vinywa vya wengi ni mtu asiyetulia nyumbani, na wakati mwingine ni zaidi ya hapo. Sheria za barabarani zimelikwepa jambo hilo kwa kusema "watembea kwa miguu", lakini hao ni watu wanaovuka barabara mjini. Sisi twapendekeza matembezi ya milimani kwa tendo, na mtembea milima kwa mtu. Aibu iliyoshikamana na neno hukoma neno linapopewa sahibu wa kutembea naye.

Majira

Kabla hatujaondoka Monterosso hatuna budi kulisema jambo ambalo limewaponyoka wafasiri wengi wa vitabu vya jiografia, nalo ni majina ya majira. Tabianchi ya Mediterania ni ya kipekee kwa hili: mvua yake hunyesha katika miezi ya baridi, na miezi ya joto ni mikavu. Sasa, desturi iliyozoeleka shuleni ni kuyafananisha majira manne ya Ulaya na majina yetu, yaani baridi iwe kipupwe, machipuko iwe masika, joto iwe kiangazi, na pukutiko la majani liwe vuli. Desturi hiyo ina hatari.

Kipupwe chetu ni baridi ya Juni hadi Agosti, tena ni wakati wa ukavu katika sehemu kubwa ya nchi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Liguria hupata mvua katika kipupwe, ama atashangaa ama atasahau, kwa sababu neno lenyewe linampinga mwalimu. Masika nayo kwetu ni mvua kubwa ya mwaka. Machipuko ya Mediterania yana mvua za kadiri na maua mengi. Kiangazi ndilo linalokaribia, kwa kuwa joto na ukavu huenda pamoja pande zote mbili, ijapokuwa miezi haiafikiani. Na ajabu ni kwamba neno vuli, lililopachikwa kwa kubahatisha tu, linaangukia mahali pake: Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo mvua za Liguria hushuka kwa nguvu, kama vuli yetu inavyoanza. Tarehe 25 Oktoba 2011 ilinyesha mvua ya saa chache tu, na matope yakajaa ndani ya Vernazza na Monterosso hadi kufunika maduka na kusukuma magari baharini. Watu walikufa. Mtu wa pwani akiambiwa kwamba gharika hiyo ilikuwa ya vuli ataelewa mara moja, tena ataelewa kwa haki.

Pamoja na hayo, bahati moja haitoshi kuwa kanuni. Twashauri isemwe majira ya baridi, majira ya machipuko, majira ya joto, na majira ya mapukutiko. Na vuli litumike tu pale mwandishi anapotaka kuikumbusha mvua. Mtu atakayelalamika kwamba maneno hayo ni marefu na ajaribu kumweleza mwanafunzi kwa nini moto huwaka vilimani mwezi Agosti ikiwa Agosti ni kipupwe.

Ngazi, matuta na kuta

Njia itokayo Monterosso hupanda moja kwa moja katika mashamba ya mizabibu, na hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote katika nchi hiyo. Vilima vya Cinque Terre vimeinama sana, hata mtu asingeweza kulima kama vilivyo. Kwa karne nyingi wakulima walichimba ubavu wa mlima, wakajenga ukuta wa mawe, wakajaza udongo nyuma yake, wakapata kipande chembamba kilicho bapa. Kisha wakapanda juu wakajenga kingine, na kingine, mpaka mlima wote ukawa mithili ya ngazi. Tuuiteje mpango huo?

Neno linalokuja kwanza ulimini ni matuta. Tuta, hata hivyo, ni udongo uliovutwa ukainuliwa ili kupanda viazi au mihogo. Linainuka, wala haliko bapa. Tena neno hilo lina kumbukumbu. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba ngazi za kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1955 watu wakafanya ghasia kuzipinga. Kwa wazee wa huko, matuta ya serikali hayakuwa ufundi wa kilimo bali amri. Kulichukua neno hilo na kulibandika kwenye kazi ambayo wakulima wa Liguria waliifanya wenyewe, vizazi kwa vizazi, bila ya kusimamiwa, ni kuwavisha vazi la watu wengine. Maafisa kilimo nao wana makinga maji, na Machakos wana fanya juu. Maneno hayo yote mawili ni mazuri kwa sababu yanataja kazi: la kwanza lasema kinachozuiwa, la pili lasema udongo unatupwa upande gani. Lakini yote mawili yanazungumzia mtaro na kingo ya udongo. Hayamwonyeshi msomaji ukuta wa mawe.

Twapendekeza shamba la ngazi kwa mpango mzima, na kidato kwa kila kipande bapa. Kidato ni hatua moja ya ngazi. Kwamba wanafunzi wetu nao hukaa katika vidato si kikwazo, maana wote wawili wamepanda kutoka maana ileile. Msomaji atakutana na neno hilo tena afikapo Corniglia, kijiji pekee kati ya vitano kisichoshuka mpaka majini: kimekaa juu ya jabali, meta 100 hivi kutoka baharini, na atokaye stesheni ya treni hupanda ngazi iitwayo Lardarina yenye vidato zaidi ya 370.

Ukuta wenyewe una shida yake. Katika lugha za Ulaya hutajwa kwa neno lenye maana ya "mkavu", kwa kuwa umejengwa bila ya lipu wala chokaa. Hakuna kitu chochote cha majimaji kilichotiwa kati ya jiwe na jiwe. Tumeona tafsiri isemayo "ukuta wa mawe makavu". Msomaji wa Kiswahili atauliza: je, mawe mabichi yakoje? Ukavu wa jiwe hauna maana kwetu. Kilicho na maana ni namna ya kujenga, na fundi wa kwetu husema mawe yamepangwa, hayakujengewa. Basi na iwe ukuta wa mawe ya kupanga. Jina hilo halihusu Italia tu. Kule Thimlich Ohinga, magharibi ya Kenya, ziko kuta nene za mawe ya kupanga zilizozunguka makazi ya kale, nazo ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Na mwaka huohuo UNESCO ikautambua ufundi wa kuta za namna hiyo katika nchi nane za Ulaya, Italia ikiwa mojawapo, kuwa urithi usioshikika. Huko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, Tanzania, yapo mabaki ya mashamba ya ngazi na mifereji ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa mawe ya kupanga, na watu waliyaacha zamani. Mwalimu anayefundisha habari za Cinque Terre huko Monduli anaweza kusimamisha somo na kuonyesha kwa kidole.

Na ni lazima istilahi ionyeshe kazi ya ukuta huo, kwa sababu ndiyo siri ya mahali penyewe. Maji hupenya kati ya mawe yaliyopangwa, yakatoka polepole. Ukuta wenye saruji ungeyazuia, nayo yangejaa nyuma yake mpaka yausukume. Lakini ukuta wa kupanga hutaka mkono kila mwaka: jiwe likitoka lirudishwe, shimo likifunguka lizibwe. Katika karne ya 20 vijana wengi waliacha mizabibu wakaenda kufanya kazi mjini La Spezia, kwenye karakana za jeshi la maji na viwandani. Vidato vilivyoachwa vikaota vichaka, kuta zikapata matumbo, na udongo uliobebwa na watu kwa karne nyingi ukaanza kurudi bondeni. Kwa hiyo tangazo linalosema "Usikanyage kuta" si tangazo la kulinda uzuri wa mandhari. Mfasiri akiandika "Usiguse magofu", kama tulivyowahi kuona, msomaji atafikiri ni mabaki ya kale yasiyo na kazi. Kuta hizo ziko kazini hivi sasa.

Maporomoko

Tumefika kwenye neno ambalo ndilo hasa lililotusukuma kuandika. Kati ya Manarola na Riomaggiore ipo sehemu fupi ya njia, kama kilometa moja, iliyochongwa katika ubavu wa genge juu ya bahari. Jina lake ni Via dell'Amore, Njia ya Mapenzi, kwa kuwa inasimuliwa kwamba vijana wa vijiji hivyo viwili walikutana hapo. Mwezi Septemba 2012 mawe yaliteremka kutoka juu yakawajeruhi watalii wanne, na njia ikafungwa. Ilifunguliwa tena mwaka 2024, baada ya genge kufungwa nyavu na kujengewa vizuizi.

Sasa tuseme mfasiri anatakiwa kuandika onyo la mahali kama hapo. Kamusi itampa maporomoko, na ataandika kwa ufupi, kama mabango yanavyotaka: "Tahadhari: Maporomoko". Msomaji wetu ataelewa nini? Mtu aliyekulia karibu na Kalambo au Thomson's Falls ataelewa maporomoko ya maji, yaani kitu ambacho watu hulipa kiingilio ili kukiona. Atainua kamera yake na kusogea. Neno moja limebeba kitu cha kukimbiwa na kitu cha kuendewa, na mfasiri ameliacha peke yake njia panda.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuongeza neno la pili: maporomoko ya ardhi, maporomoko ya mawe, maporomoko ya tope. Ni kweli, na katika vitabu ndivyo ifanyike. Maafa ya Hanang ya Desemba 2023 yaliwafundisha wengi kutaja tope waziwazi, maana kilichoshuka mlimani hakikuwa ardhi iliyokatika tu wala mafuriko tu. Tofauti hizo zafaa kulindwa: ardhi huporomoka kipande kizima, jiwe huanguka au hubingirika, tope hutiririka na kufukia. Watu wa Vernazza walipatwa na la tatu, watalii wa Njia ya Mapenzi walipatwa na la pili, na mtu mwenye shamba la ngazi lililoachwa huogopa la kwanza. Mwandishi anayeyaita yote "maporomoko" amewanyima wasomaji habari wanayoihitaji kuliko nyingine, yaani wakimbilie upande gani. Aliye mbele ya tope hupanda ubavuni. Aliye chini ya mawe huondoka upesi wala hasimami kutazama juu.

Lakini kwa bango twashauri hata nomino yenyewe iachwe. Kiswahili ni lugha ya vitenzi. Nguvu yake imo humo. "Mawe huanguka hapa. Pita upesi, usisimame." Hapo hapana istilahi hata moja, na hapana atakayeinua kamera. Si kila ujumbe unaohitaji neno la kitaalamu, ingawa si jambo la kupendwa kulisema katika jarida la istilahi.

Genge nalo lahitaji kuchungwa. Kwetu magenge ni ukingo mkali wa mlima au wa bahari, lakini genge ni kundi la watu pia, na ni kibanda cha kuuzia nyanya na vitunguu. Katika sentensi kamili hakuna atakayekosea. Katika bango lenye maneno mawili, "Genge mbele", tunahofu kwamba mwenye njaa atashukuru. Iandikwe "Ukingo mkali mbele".

Chaka na miti yake

Juu ya mashamba, na mahali mashamba yalipoachwa, hutawala mimea ambayo Waitalia huiita macchia na Wafaransa maquis. Ni vichaka vilivyosongamana, virefu kuliko mtu au kumfikia kifuani, vyenye majani magumu yasiyopukutika na yenye mafuta ya kunukia. Kwa neno hilo tumekuta tafsiri nne: msitu, pori, nyika na kichaka. Msitu hapana, kwa kuwa hapana miti mirefu yenye kivuli. Nyika ni nchi kavu iliyo wazi. Pori laelekea, lakini pori ni mahali, si namna ya mimea; hata shamba lililoachwa miaka miwili huitwa pori. Kichaka ndicho chenyewe, ila ni kimoja na ni kidogo. Twapendekeza umbo lake kubwa, chaka, wingi machaka, na kwa jina kamili machaka ya Mediterania.

Jambo moja la pembeni. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wafaransa waliojificha kupigana na Wajerumani waliitwa kwa jina la mimea hiyo, maquis, kama sisi tulivyosema kwamba fulani ameingia msituni. Neno hilo likapita hata mashariki ya Kongo: ngome ya wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila huko Fizi, tangu mwaka 1967, iliitwa hivyohivyo. Kwa hiyo Mswahili wa Fizi anapokutana na maquis katika kitabu cha jiografia huenda akasikia bunduki. Mfasiri anayeandika kwa ajili yake asiliache neno la Kifaransa likapita hivihivi, na anayefasiri habari za vita asiandike "machaka". Huko msituni ndiko kwenyewe.

Haja ya kutenganisha msitu na machaka inaonekana zaidi katika habari za moto. Machaka yenye mafuta, mwishoni mwa majira ya joto, yakipulizwa na upepo, huwaka kwa kasi isiyofanana na ya msitu wenye unyevu. Mfano tunao nyumbani. Mmoja wa miti midogo ya machaka ya Liguria ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Erica arborea, ambao fundo la mzizi wake huchongwa viko vya tumbaku. Na mti huohuo huota Kilimanjaro, juu ya mpaka wa msitu. Oktoba 2020 moto uliposhika mlimani, sehemu kubwa ya kilichoungua ilikuwa machaka ya ukanda huo wa juu. Mwandishi aliyesema "msitu" alimfanya msomaji awaze miti mikubwa ya chini.

Kuhusu majina ya miti, tunayo akiba ambayo wengi wameisahau. Walioifasiri Biblia walilazimika zamani kuitaja mimea ya nchi za Mediterania, na toleo la Muungano la mwaka 1952 lina mwaloni, mhadasi, mberoshi, mzeituni na mzabibu. Maneno hayo ni ya wote sasa, wa dini yoyote, na mfasiri ayatumie bila ya haya. Mwaloni wa Cinque Terre ni wa aina isiyopukutika. Isemwe hivyo, mwaloni usiopukutika. Kwa jamii ya paina pana mvutano: kamusi zina msonobari, lenye asili ya Kiarabu, ilhali watu wa Mufindi, wanaoishi kando ya mashamba makubwa ya miti ya Sao Hill, husema msindano, kwa kuwa majani yake ni kama sindano. Neno la pili limeundwa na watu wenyewe, na kila asikiaye huuona mti. Twaliunga mkono kwa vitabu vya shule, na msonobari tuliachie fasihi. Kitu kimoja tu tukikatae: mvinje. Mvinje wa pwani yetu unafanana na msindano kwa mbali, lakini si jamii yake.

Madaraja ya ugumu

Mwisho, maelezo ya njia za Italia huambatana na herufi zinazoonyesha ugumu. Klabu ya wapanda milima ya huko hutumia T, E, EE na EEA, na njia zenyewe huchorwa alama nyekundu na nyeupe juu ya mawe na miti. T hutokana na neno lenye maana ya "ya kitalii", na mfasiri akilifuata neno hilo ataifanya E isomeke kana kwamba si ya watalii kabisa. Herufi zibaki, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa njiani, lakini maelezo yataje mtu anayefaa: T, njia nyepesi, E, njia ya aliyezoea kutembea milimani, EE, njia ya mjuzi, EEA, njia ya mjuzi mwenye vifaa vya kujishikiza.

Kanuni za hifadhi hiyo zinakataza pia kuingia njiani kwa viatu vya wazi au vyenye soli laini. Hapa tumeona tafsiri isemayo "viatu visivyofaa", maneno ambayo hayamkatazi mtu yeyote, kwa kuwa kila mtu huamini vyake vinafaa. Vitajwe kwa majina yake: kandambili, na kwa wasomaji wa Mombasa na Unguja, ndara na champali.